Toleo la Ratili

"Hamsini! Soma mwenyewe, Gaurav. Pameandikwa nini hapo?"

"Miligramu hamsini, Mama Okemwa."

"Na jana stima ilipopotea nikapiga hesabu kwa penseli. Mtoto yule yule, uzito ule ule, nikapata mia moja na kumi. Sasa niambie, usiku mmoja dawa imeingia majini ikanywea?"

"Labda penseli ndiyo iliyokosea."

"Penseli!" Nyangate, mama yake Okemwa, alipiga meza kofi hadi kibodi ikaruka. "Mimi nina diploma ya dawa, na nina watoto wanne ambao nimewanywesha kwinini kwa mkono huu. Usinifundishe penseli, kijana."

Gaurav alijikuna shingo. Alikuwa amepanda kutoka Kisii mjini asubuhi hiyo kuleta utepe wa printa tu, akitarajia chai na safari ya kurudi. Baba yake, Jaswant, aliuza redio na nyaya karibu na stendi, na Gaurav alikuwa amekulia nyuma ya duka hilo, akicheza na watoto wa mtaa wa Daraja Mbili na kuyajua matusi ya Kigusii kabla ya kukijua Kiingereza. Yeye ndiye aliyeitunza kompyuta ya zahanati hii ya kanisa, mlimani juu ya soko la Kebirigo. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, na kazi yake kubwa ilikuwa moja: unaiandikia uzito wa mtoto, inakupa dozi ya malaria. Mwaka ule wa tisini na tisa malaria ilikuwa imepanda hadi huku kwenye baridi, wodi zimejaa, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukaa akipiga hesabu kwa kila mtoto.

"Rudia," Nyangate aliamuru. "Kerubo. Kilo kumi na moja."

Gaurav aliandika kumi na moja. Kioo kikajibu: hamsini.

"Umeona? Na nenda wodini ukamwangalie huyo Kerubo. Wiki nzima amekula dozi ya mashine yako, akawa hamtambui hata mama yake. Jana nimempa ya penseli. Leo ameketi anadai ndizi."

Hapo Gaurav aliacha kubisha. Alivuta kiti, akaketi, akaisogelea mashine kama mtu anayesikiliza mlango kabla ya kuufungua.

"Nilikuja mvua zilipoanza, mlipopata mizani mpya," alisema polepole. "Mizani ya zamani ilikuwa ya ratili. Mpya ni ya kilo. Yule mwalimu wa kujitolea aliyeandika programu alituma toleo jipya linalojua kilo. Nililiweka mwenyewe."

"Basi mbona halifanyi kazi?"

Gaurav aliinamia kibodi. Vidole vyake vilikuwa vinafungua folda moja baada ya nyingine, na uso wake ulikuwa unabadilika.

"Mama Okemwa, unakumbuka uliniambia nini siku ile? Nilitaka kuondoa toleo la zamani."

Nyangate alikumbuka. Moyo wake ulishuka kama ndoo iliyokatika kamba. Alikuwa amesimama pale pale mlangoni, mikono kiunoni, akasema usiache mbachao kwa msala upitao. Akasema kwao mtu habomoi jiko la zamani kabla paa la jiko jipya halijaonja mvua. Weka jipya, la zamani liache kando, tutaona.

"Nilikuambia uliache."

"Nami nikaliacha. Nikaweka jipya katika folda yake, nikasema hakuna ubaya." Alielekeza kidole kwenye kioo. "Ubaya upo. Hii programu imeandikwa kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Python, yaani chatu. Hesabu za dozi zimo ndani ya kifurushi kimoja, na Python inakiita kifurushi kwa jina. Inapita folda kwa folda ikiita. Cha kwanza kuitika ndicho inachokichukua, haiendi mbele kuuliza kama kuna kingine. Cha zamani na kipya vina jina moja."

"Sema kwa lugha ya watu."

"Nyinyi mtoto hamumpi jina la babu yake babu akiwa bado hai. Kwa nini?"

"Kwa sababu jina ni la kumrudisha aliyekwenda. Babu akiwa hai unamrudisha nani?"

"Basi sisi tulimpa mtoto jina na babu yuko nyumbani ameketi. Kila tukiita, anaitika babu. Na babu anajua ratili tu. Ukimwambia kumi na moja, anadhani ni ratili kumi na moja. Anakupa dozi ya mtoto wa kilo tano."

Nyangate aliishika meza. Chini ya nusu. Si Kerubo peke yake, bali kila mtoto.

"Toa," alisema.

"Tumuulize kwanza Daktari Alfayo..."

"Gaurav. Toa sasa hivi!"

Gaurav alilitafuta faili la zamani, akalifuta. Akaifungua programu upya, akaandika kumi na moja. Wote wawili waliinama.

Hamsini.

Nyangate alimgeukia. "Si umefuta?"

"Nimefuta! Umeniona nikifuta!"

"Basi nani amejibu?"

Wakati huo Alfayo aliingia, koti jeupe limefungwa vifungo vyote. Alikuwa afisa wa tiba ila watu wote walimwita daktari, na Jumamosi alikuwa mzee wa kanisa. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, akakitazama kioo, akarudi nyuma hatua.

"Kitu kimefutwa na bado kinasema?"

"Ndiyo, Daktari."

"Nilisema tangu mwanzo. Programu yenye jina la chatu, katika nyumba ya Bwana."

"Chatu angekuwa amemeza mtu mmoja tu, Daktari," Nyangate alisema. "Gaurav, tafuta."

Jasho lilimtoka Gaurav asubuhi ya baridi. Alipekua folda, akarudi, akapekua tena. Kisha akaguna kama aliyekanyaga mwiba. "Huyu hapa. Nilisahau. Python ikishasoma faili mara ya kwanza hujitengenezea nakala yake yenyewe, ili kesho isome haraka. Nimefuta faili lililoandikwa na mtu. Nakala iliyojitengenezea imebaki, na inaendelea kuitika."

"Tumezika nguo, mwili tumeuacha kitandani," Nyangate alisema. "Futa folda nzima. Usibakize hata kivuli."

Alfayo aliinua mkono. "Ngojeni. Tumwandikie yule mwalimu kwanza. Mkiharibu..."

Nyangate alinyoosha mkono juu ya bega la Gaurav. Folda ilikuwa imeshachaguliwa, kioo kinauliza kama wana hakika. Akabonyeza mwenyewe.

Gaurav aliandika kumi na moja.

Mia moja na kumi.

Hakuna aliyeshangilia. Mtoto alikuwa akilia wodini, na ng'ambo ya ua muuguzi alikuwa akiita jina la mgonjwa anayefuata. Nyangate alikitazama kile kioo kilichokuwa kimetulia kama kwamba hakijafanya lolote, na nyuso zikaanza kumjia moja moja. Mama wa Manasseh, aliyembeba mwanawe kutoka ng'ambo ya mto. Yule binti wa mchuma chai mwenye mapacha. Na mke wa Nyasani.

"Mke wa Nyasani," alisema kwa sauti.

Alfayo alifumba macho.

"Alirudi hapa mara mbili mtoto akiwaka moto. Tukamwambia nini, Daktari? Tukamwambia hampi mtoto dawa. Wewe ukamwuliza mbele ya foleni kama anaiuza sokoni. Mimi nikacheka." Akaliendea kabati la dawa. "Akainamisha kichwa, akaenda. Hajarudi tena."

"Mama Okemwa, twende taratibu. Kamati itakaa Jumapili. Tutatafuta maneno yanayofaa. Ukitangaza jambo kama hili ovyo, watu watakimbilia waganga, zahanati itakufa."

"Na mtoto mwenye nusu dozi damuni, ataingoja Jumapili?"

"Nasema tu kuna utaratibu."

"Utaratibu tulikuwa nao. Mizani mpya, kompyuta, programu. Na mlezi wa utaratibu nilikuwa mimi." Alikuwa ameshafungua kabati la dawa, anapanga chupa za kwinini ndani ya sanduku. "Gaurav, gari lako lina mafuta?"

"Lipo tayari, mama. Lakini unawajua wote wanakokaa?"

"Leo ni siku ya soko. Wanakokaa ni hapo chini."

"Nyangate," Alfayo alisema, akimwita kwa jina lake kwa mara ya kwanza tangu waanze kazi pamoja. "Watakutukana."

"Wanitukane na watoto wakiwa mikononi mwao."

Pikapu iliteremka ikiteleza kwenye matope, Nyangate amelipakata sanduku. Walipoingia sokoni Gaurav aliisukuma pua ya gari kati ya mikungu ya ndizi na marundo ya mitumba, akipiga honi, wauzaji wakimtukana kwa Kigusii naye akiwajibu kwa Kigusii hicho hicho. Injini ilipozimwa Nyangate alivua viatu, akakanyaga gurudumu, akapanda juu nyuma ya pikapu na koti lake jeupe. Watu waligeuka. Katika mafungu ya mboga alimwona mke wa Nyasani akiwa na mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelala upande.

Nyangate alivuta pumzi, akapaza sauti kwa Kigusii, mpaka kona ya mwisho ya soko ikasikia.

"Mama yeyote aliyepewa dawa ya malaria kwetu tangu mvua zianze, dawa ile haikutosha! Kosa ni letu, si lenu! Leteni watoto hapa! Na wewe, mke wa Nyasani, wewe uje wa kwanza!"