Pale Kanda Iliporuka

"Lete hapa, utalivunja," mkewe alisema, akamnyang'anya kasha.

Mpira alikuwa amehangaika na nailoni ya kasha lile la diski hadi jasho likamtoka. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia havikuwa na habari. Vilikunjika vikiamriwa, lakini bila kuviangalia asingejua vimeshika nailoni au vimeshika hewa. Mkewe aliichana kwa meno, akatema kipande, akamrudishia.

"Haya, mpokee mke mwenzangu. Na huyu atalala wapi? Ukuta umejaa."

"Nitamsogezea wenzake."

"Wasogezee. Siku moja nitahama mimi, niwaachie nyumba."

Maneno hayo aliyasema kila diski mpya ilipoingia, na kila mara Mpira alicheka. Leo hakucheka. Siku hizi mambo mengi yalimpita hivyo, kana kwamba ganzi ya vidoleni ilikuwa ikipanda ngazi taratibu kuelekea juu.

Ukutani palikuwa na rafu mbili. Ya chini ilibeba kanda za video, nyeusi, nene kama matofali, nyingi zikiwa zimeachwa na wageni vyumbani kule hotelini alikokuwa mpagazi. Ya juu ilibeba diski za filamu zilezile, vichekesho vya zamani vya Hollywood, zikiwa zimesafishwa: mikwaruzo imeondolewa, sauti imeoshwa, vipande vilivyopotea vimetafutwa kwenye maghala na kurudishwa mahali pake. Kila aliponunua diski, kanda yake hakuitupa. "Huwezi kumtupa babu kwa sababu mjukuu amenawa uso," alimwambia muuza diski, aliyemwona mwehu lakini mwehu mteja.

Ya leo aliisubiri kuliko zote, maana kanda yake ndiyo iliyompa jina.

Ndani yake tajiri mmoja anafukuzana na mchumba wake hotelini, na mpagazi, mweusi kama Mpira, anashuka ngazi na masanduku hadi kidevuni. Anateleza. Puu! Masanduku yanatawanyika. Halafu, papo hapo, amesimama wima, kofia kichwani, anatabasamu. Hakuna kuinuka. Yuko chini, yuko juu. Mpira alipoajiriwa, kijana mwenye mifupa ya mpira kweli, aliirudiarudia sehemu ile mpaka kanda ikaanza kukoroma. Kisha akajifunza. Aliangukia mkono wa kulia, na mkono huohuo ukamrusha juu kabla mtu hajasema pole. Wageni walipiga makofi. Jina alilopewa na mama yake likasahaulika pale ukumbini.

Enzi hizo wapagazi walikuwa wengi, na chumba chao cha kupumzikia kilikuwa na dirisha. Kwanza likazibwa dirisha. Kisha chumba kikawa baa. Kisha wakaanza kuondoka wapagazi wenyewe, mmoja mmoja, kila mmoja akipewa mkono na saa ya ukutani, hadi vikaja vitoroli visivyoomba likizo wala kufiwa. Mpira akabaki. Hakupaza sauti kumtetea hata mmoja wao. Anayepigiwa makofi hudhani anapendwa.

Jana meneja alimshika bega. "Mpira, baba. Keshokutwa wenye hoteli wanakuja kuona ukumbi mpya. Nimewasimulia habari zako. Wakicheka, nitakuwa na la kukutetea. Wasipocheka..." Akainua mabega. "Unajua mwenyewe. Kitoroli hakili."

"Mkono wangu una ganzi, bosi."

"Si ndiyo vizuri? Hutasikia maumivu."

Mpira akavuta pazia, mchana wake ukawa giza. Mkewe akaketi karibu na runinga kupata mwanga, koti la sare mapajani, akishona kifungo cha kesho.

Picha ilikuja safi mpaka ikatia aibu. Kumbe ukuta wa ile hoteli ulikuwa na maua. Kumbe gauni la mchumba lilikuwa na kiraka kwapani. Na mpagazi alipotokea juu ya ngazi, Mpira alisogea mbele. Kwenye kanda mtu yule alikuwa doa lenye meno. Sasa alikuwa na uso. Alikuwa na mvi masikioni, tena mtu mzima, wa kuamkiwa.

Akateleza. Puu.

Bega la Mpira likashtuka lenyewe, tayari kuruka. Picha haikuruka.

Mpagazi alikuwa bado yuko chini. Alilala ubavu, ameshika kiwiko cha mkono, na midomo yake ilisema neno ambalo hakuna aliyejali kulinasa. Macho yalitazama pembeni ya kamera, yakimtafuta mtu, kama kibarua anavyomwangalia msimamizi kujua kazi bado ipo au imekwisha. Nyuma yake tajiri na mchumba wanacheka. Ndipo mkono uliovaa shati jeupe ukaingia kutoka ukingoni mwa picha, mkono usio na mwenyewe, ukamkamata kwapa, ukamvuta juu, ukampachika kofia. Na hapo ndipo lilipotokea lile tabasamu.

"Rudisha," mkewe alisema.

Akarudisha. Wakatazama tena, sindano ikiwa imesimama hewani.

"Kumbe mwenzio hakuruka."

"Kanda ndiyo iliruka. Kipande kilikuwa kimekatika."

"Sasa wewe, miaka yote hiyo..."

"Nilikuwa naiga ubovu wa kanda."

Mkewe alitaka kucheka. Akamwangalia usoni, akakata uzi kwa meno badala yake. Mpira alisubiri hasira ije. Haikuja. Akasubiri huzuni, nayo labda ilikuwa imepanga foleni kwa mtu mwingine. Alichokiona ni vidole vyake juu ya goti, vimelala kama vya mgeni aliyesahau kuaga.

"Kesho utaanguka?" mkewe aliuliza.

"Nisipoanguka tutakula nini? Makasha?"

"Sijauliza tutakula nini, baba watoto. Nimeuliza utaanguka?"

Mpira aliinuka. Aliitia diski kwenye kasha, akaiweka juu, pembeni ya wenzake. Ile kanda akaipangusa vumbi kwa kiganja, akairudisha chini.

Kesho yake, ukumbi wa hoteli nao ulikuwa umesafishwa. Sakafu iling'aa mpaka mtu akajiona kichwa chini. Wenye hoteli walisimama na glasi zao chini ya ngazi, meneja katikati yao akigeukageuka kama bwana harusi. Dada wa usafi alikuwa pembeni na fagio lake la maji.

"Kaka Mpira, pale chini ya ngazi bado pana maji. Zunguka."

"Ndiko niendako, dada."

"Basi nenda taratibu."

Alipanda, akajipakia masanduku hadi kidevuni. Meneja akampa ishara kwa kichwa: sasa. Mpira akashuka. Ngazi ya mwisho ikamkimbia mguu, kama ilivyomkimbia maisha yake yote, na mkono wa kulia ukaipiga sakafu. Alijua umepiga kwa sababu aliusikia mlio.

Kicheko kikapanda hadi dari.

Bega likashtuka. Mpira akaliacha lishtuke, akaliacha litulie. Akalala ubavu. Kwa mkono wa kushoto akakishika kiwiko cha kulia, polepole, kama mtu anayeokota mali isiyo yake.

Kicheko kikaendelea kidogo, kikasubiri nusu yake ya pili, kisha waliocheka wakaanza kutazamana. Meneja akacheka peke yake, kwa nguvu, kuwaonyesha wengine njia.

"Mpira! Haya, juu!" Meno yalikuwa nje, macho hayakuwamo kwenye kicheko. "Juu, baba!"

Kutoka pale chini wote walikuwa viatu. Viatu vyeusi, vya kahawia, vyenye visigino, vyote vikimwelekea, hakuna kilichosogea. Mbele ya uso wake sanduku moja lilikuwa limelala chali, gurudumu lake likizunguka kwa sauti nyembamba.

Mahali fulani nyuma yake mpini wa fagio la maji ulilazwa sakafuni. Kisha ndala zenye maji, pata, pata, zikimjia bila haraka.

Mpira hakugeuza shingo. Aliliangalia gurudumu tu, likizunguka, likipunguza mwendo, halijabeba kitu.