Kipimo cha Mgongo wa Narelle

Narelle alisimama katikati ya sebule na fulana nyembamba, mikono ameiinua, mumewe Colin yuko nyuma yake na futi ya kushonea. Runinga ilikuwa inawaka. Queensland, jimbo lao la Australia, walikuwa wanacheza na New South Wales mechi ya kwanza kati ya tatu za mwaka, na pale mjini Kingaroy mtu haombi kupimwa nguo jioni kama ile bila kutaka radhi kwanza. Narelle alikuwa ameshataka.

Hakuwa na njia nyingine. Gauni alilolitaka halina karatasi za kukatia dukani: gauni la malkia wa zile enzi za ngome na mapanga, linalobana kiunoni, lenye kamba za kufungia mgongoni na mikono mipana inayoning'inia hadi magotini. Alikuwa analichora mwenyewe, kipande kwa kipande, juu ya karatasi ya kufungia nyama aliyopewa buchani. Kitambaa alikuwa nacho, mahameli ya kijani iliyokuwa pazia la ukumbi wa mji. Vipimo vingi mtu anaweza kujipima, lakini mgongo haujipimi. Ukigeuka kuusoma unapinda, na futi inadanganya. Nyani haoni kundule, na fundi haoni mgongo wake.

"Sentimita thelathini na nane," alisema Colin, macho kwenye mpira.

Alitaja na mabega, na kifua, na kiuno, harakaharaka kama mtu anayetaja namba yake ya simu. Narelle akaandika. Kiuno kilikuja chembamba kuliko alivyotarajia, lakini alikiandika hivyo hivyo, maana zawadi ya namna hiyo haikataliwi.

Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyewashonea watu wa chama cha kuigiza maisha ya kikale mavazi yao ya maonyesho ya Julai, kisha siku yenyewe ikifika akavaa aproni na kuuza chai hemani. Mwaka huu walimchagua awe malkia wa msafara. Colin, ambaye hakuwahi kukanyaga maonyesho hayo, alikubali kutembea ubavuni mwake kama askari wa farasi asiye na farasi. Narelle alitaka jambo moja tu, kwamba siku hiyo mumewe amtazame. Hakumwambia mtu. Aliona haya kwamba, baada ya ndoa ndefu kiasi kile, ombi lake ni dogo hivyo.

Kabla ya kuigusa mahameli alikata gauni la majaribio kwa shuka kuukuu. Halikumwenea. Mgongoni lilibaki pengo la kupitisha kiganja. Akalivisha kwenye mdoli wa kushonea ili alirekebishe, akatoka kwenda kufungia kuku. Aliporudi, ndani ya shuka lile alikuwamo msichana, na mdoli ulikuwa umewekwa pembeni kwa adabu.

Alikuwa Narelle mwenyewe, wa mwaka ule aliokutana na Colin kwenye dansi ya wavuna karanga. Alikuwa nalo hata lile jino lililopanda juu ya mwenzake, ambalo baadaye liling'olewa. Gauni lilimkaa kila mahali.

"Samahani, mama," msichana alisema. "Kuna chochote cha kula?"

Narelle alimkatia mkate, akampakia siagi. Jioni hiyo ilikuwa mechi ya pili; yalipofika mapumziko, Colin akaja jikoni kuchukua bia. Alimwona msichana, akamwita kipenzi, akachemsha maji kwa mkono wake mwenyewe na kumtengenezea chai ya sukari vijiko viwili. Hakumuuliza anapenda vingapi. Narelle alikuwa ameacha sukari tangu kifungua mimba wao alipoanza shule, na huyo sasa yuko Brisbane na watoto wake.

Mgeni siku mbili. Siku ya tatu Narelle alimpa mkasi. Msichana alikuwa na mkono mzuri, ila hakuwa na subira ya kupiga pasi mishono. Walifanya kazi meza moja. Narelle alimpenda, na alimwonea wivu, na kuna siku yote mawili yalimjia kabla ya kifungua kinywa. Colin alianza kurudi mapema kutoka kwenye maghala ya karanga, amechana nywele. Kipya kinyemi, wanasema, na huyu hata mpya hakuwa.

Maonyesho yalipokaribia, Narelle alisimama mbele ya kiti cha mumewe na futi mkononi.

"Nipime tena, Colin. Vile vipimo si vyangu."

"Nilikupima, bimkubwa. Si uliandika mwenyewe?"

"Uliitazama futi?"

"Niitazame ya nini? Mimi si nakujua."

Alisema kwa upendo kabisa, na hapo ndipo Narelle alipoumia. Angekuwa anadanganya, wangegombana yakaisha.

Mahameli ilitosha gauni moja, na msafara ulihitaji malkia ambaye gauni litamwenea. Narelle aliikata kwa karatasi zile zile za mwanzo. Akashona, akatia bitana, akatoboa vitundu vya kamba, akapinda upindo kwa mkono. Angeweza kuharibu mshono mmoja tu, na nani angejua? Hakuharibu. Siku ya maonyesho alimfunga msichana kamba za mgongoni, akambusu shavuni, kisha akavaa aproni yake.

Mtangazaji aliwaita Narelle na Colin, na hakuna aliyemsahihisha, kwa kuwa hakuwa amekosea. Colin alimtazama malkia wake njia nzima, mpaka akajikwaa kwenye kamba ya hema. Joylene, mwenyekiti wa chama, alifuta machozi. "Narelle, jamani, umependeza," alimwambia msichana. Kisha akageukia hemani akaagiza vikombe viwili, kimoja bila maziwa. Narelle alilia kidogo nyuma ya birika kubwa, halafu maji yakachemka, akamimina.

Msichana hakuondoka. Alihamia chumba cha watoto, na gauni likaingia kabatini pamoja na mablanketi ya ziada. Kwa siku chache Colin aliendelea kuchana nywele.

Kisha ikaja mechi ya mwisho na New South Wales. Msichana, amevaa suruali ya zamani ya Narelle, alimpelekea Colin chai.

"Weka hapo, bimkubwa," Colin alisema, macho kwenye mpira.

Msichana aliiweka. Alisimama pale kidogo, akisubiri, kisha akaja kwenye meza ya kukatia.

"Yuko hivi tangu lini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Vuta kiti," Narelle alisema.

Alitandika karatasi nyingine ya buchani, akachonga penseli, akamgeuzia msichana mgongo. Msichana alianzia kwenye kifupa cha shingo, akashusha futi taratibu juu ya mgongo uliokwisha kupinda kidogo kwa kuinamia cherehani, mpaka kiunoni. Aliinama akaisoma, akaisoma tena.

"Arobaini na moja," alisema.

"Thelathini na nane," Colin alimsahihisha kutoka kitini, bila kugeuka.