Lita Sita za Kuteremkia

Kila asubuhi, kabla hajalitoa gari getini, Fundi alikuwa na kazi moja ndogo. Alipeleka kidole kwenye kioo kilicho nyuma ya usukani, akabonyeza kitufe na kukishikilia mpaka namba zote zikarudi sifuri. Mkewe alipomuuliza siku ya kwanza anafanya nini, alijibu bila kupepesa macho, "Nalisafisha." Tangu hapo mkewe hakuuliza tena. Alifunga mkanda, akaweka mkoba magotini, safari ikaanza.

Kioo hicho kilionyesha gari linakunywa lita ngapi kwa kila kilomita mia. Sasa, nyumba yao ilikuwa juu kabisa ya kilima, na hospitali alikofanya kazi mkewe ilikuwa chini kabisa, kilomita nne za kuteremka bila hata tuta. Kwa mteremko ule, hata kabati lingefika bila mafuta. Wakifika kwenye lango la hospitali kioo kilisoma sita, siku nyingine tano na nusu, na mkewe, muuguzi, alishuka meno yote nje. "Safu tatu za viti, vya ngozi, lita sita!" aliwatambia wenzake wodini. "Pikipiki ya shemeji yangu inakunywa zaidi."

Fundi alikuwa mshonaji wa suti. Kwa miaka thelathini alikuwa amewapima mabega watu wanaokuja dukani na magari ya namna hiyo, na kila walipoondoka alisimama mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akiyasindikiza kwa macho. Lilipopatikana moja la mtumba, akiba yote ikaondoka nalo. Majirani wakalipa jina: Sebule. Mkewe aliuliza swali moja tu, linakunywaje. Fundi, kichwa kikiwa kimeshavimba, akala kiapo huku mama mkwe akisikiliza kwenye simu: "Likizidi lita kumi, mama, naliuza siku hiyohiyo."

Wiki ya kwanza tu akajua amejichimbia kaburi. Jioni alipanda kilima peke yake, kwa maana mkewe alitoka kazini mapema na kurudishwa na basi la wafanyakazi wa hospitali, basi ambalo, kwa maelezo ya mkewe, lilifanya kazi jioni tu. Sebule lilipanda likinguruma, safu mbili za nyuma tupu, ya mwisho ikiwa bado na nailoni yake, na Fundi hakuthubutu kutazama kioo. Vijana wa kituo cha mafuta walimjua kwa sauti ya honi. Bima ilimtoa jasho. Tairi moja lilikuwa na bei ya cherehani, na Sebule lilikuwa na matairi manne.

Basi akaacha kula mchana. Saa ya chakula akawa anashona sare za shule, haraka haraka, mlango umefungwa. Alipokonda alipunguza suruali zake mwenyewe kiunoni, inchi moja, kisha nyingine. Mkewe akamsifu kwamba mazoezi yanamkubali. Fundi akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alilipenda lile gari, jamani, na mkewe alilifurahia. Atawezaje kulipeleka sokoni?

Mwezi wa nne, mkewe akaja na habari. "Jumamosi tunamchukua mama. Atakaa kwetu wiki mbili."

"Tunamchukua wapi?"

"Kwake, huko chini. Kwani amehama?"

Usiku ule Fundi alipiga hesabu akaona pana tundu la kutokea: asilisafishe. Lita sita za kuteremka zichanganyike na za kupanda, namba itakuwa mbaya lakini si ya kuua mtu. Akiongeza na maneno matamu, huenda akapona.

Jumamosi mama mkwe alikuwa ameshaketi kibarazani na begi lake. Alipanda taratibu, akisaidiwa kwa mkono na kwa goti, akajilaza kwenye kiti cha katikati na kunyoosha miguu yote miwili. "Eeh! Hili ndilo gari. Lile la mjomba wako ukishuka unahitaji kukunjuliwa."

"Na halinywi, mama," mkewe akasema. "Sita! Subiri ujionee mwenyewe." Akainama upande wa dereva. "Ngoja nilisafishe kwanza, kama anavyofanya mwenye gari."

"Mke wangu, usi..." Fundi alianza, lakini kidole kilikuwa kimeshafika. Sifuri.

Wakaanza kupanda. Fundi aligusa mafuta kana kwamba amekanyaga yai. Akazima kiyoyozi. Akazima redio, ingawa alijua haisaidii. Mama mkwe, aliyekuwa na miwani mipya na hamu ya kuitumia, akachungulia katikati ya viti na kuanza kusoma kwa sauti.

"Kumi na tisa."

"Bado linaamka, mama," Fundi akasema.

"Ishirini na tatu. Ishirini na sita. Hii inapima nini, joto?"

Mkewe alikuwa akitazama kioo kama anavyotazama kipimajoto cha mgonjwa, uso umetulia, na hapo ndipo Fundi alipoogopa kweli. Walipofika getini kioo kilisoma ishirini na tisa. Fundi akazima injini, akachomoa ufunguo na kuuweka kwenye kiganja cha mkewe.

"Niliapa," akasema. "Liuze. Kuteremka ni sita, kupanda ndiyo hivyo unavyoona. Nilikuwa nakuonyesha upande mmoja tu."

"Miezi minne!" Mkewe akageuka. "Wodi nzima nimeitangazia! Daktari mkuu ameniuliza gari kama hilo linapatikana wapi! Na mafuta umeyalipia kwa kitu gani?"

"Kwa chakula cha mchana."

Mkewe akamtazama kiuno. Akaishika ile suruali, akaupata mshono mpya kwa kidole, halafu wa pili chini yake. Hasira ikamtoka usoni, pakabaki uchungu, na Fundi akaona aibu kuliko alivyoona kwa ile namba.

"Sasa na mimi niseme langu," mkewe akasema polepole. "Basi la hospitali hupita asubuhi pia. Hapa hapa getini. Bure."

"Ulisema ni la jioni tu."

"Nilisema. Dereva nilimwomba asipige honi."

"Kwa nini, sasa?"

"Miaka ishirini na mitatu unatoka alfajiri, unarudi giza limeingia, umechoka, unalala. Kwenye hili gari unaongea. Dakika kumi nzima. Unanisimulia wateja wako, unanichekesha mpaka nafika kazini mbavu zinaniuma." Akafuta jicho kwa ncha ya kitambaa. "Ningepanda basi nikafanye nini?"

Fundi alikuwa amekaza mkanda miezi minne kulinda lita sita, na kumbe aliyekaa pembeni yake hakuwa na haja nazo.

"Mmemaliza?" mama mkwe akauliza kutoka nyuma. "Kiapo aliniapia mimi. Haliuzwi leo, magoti yangu yamelipenda. Litoke Jumapili tu, tena lijae, hata hivyo viti vya nailoni vikaliwe na watu. Siku nyingine mna miguu. Na huyu mtoto apewe chakula kabla suruali haijamwanguka."

Jumatatu ufunguo wa Sebule ulibaki kwenye msumari wake. Fundi alitoka na suruali aliyoiachia inchi moja, chakula cha mchana mkononi na mkoba wa mkewe begani, akianza kusimulia habari za bwana harusi aliyekuja kupimwa suti huku amebana pumzi. Hawakuwa wamefika hata kwenye kona ya kwanza basi la hospitali likatokea nyuma yao. Safari hii dereva alipiga honi, akapunguza mwendo, akafungua mlango.

Muuguzi akampungia mkono apite.

"Enhe," akamwambia mumewe. "Akabana pumzi, ikawaje?"