Picha Yangu Juu ya Geji ya Moto

Usiku wa jana niliota, wala tumbo halikuwa zito, nilikuwa nimekunywa uji wa ulezi tu. Niliota nimebandikwa kwa gundi juu ya kioo cha geji, ndani ya lori la mjukuu wangu Ambokile.

Geji hiyo hupima joto la moshi unapotoka kwenye injini ya dizeli kwenda kwenye turbo, ile feni inayozungushwa na moshi na kuisukumia injini upepo. Ambokile mwenyewe ndiye aliyenieleza mwezi uliopita, akila viazi hapa kwangu Tukuyu. Mshale ukivuka digrii mia saba, alisema, dereva aondoe mguu kwenye mafuta na kurudisha gia, la sivyo vyuma vitaanza kufa.

"Ila ule mshale unanitisha nikipanda mlima," akasema. "Kwa hiyo, mke wangu, nimebandika picha yako juu yake. Afadhali nitazame uso wako."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mume wangu, umenipendezesha." Mtu mzima mimi, nikacheka.

Basi ndotoni nikajikuta pale pale. Ni alfajiri, mvua inanyesha, lori limejaa saruji, tunapanda mlima Kitonga. Ambokile ananitazama. Mgongoni kuna kitu kinanichoma.

"Bibi, sogea," kinasema.

Ni mshale. Ana sauti ya mwalimu wetu wa darasa la nne, ambaye hakumchapa mtoto kabla ya kuuliza hali ya mama yake.

"Mama yako hajambo?" akaniuliza.

"Alikwisha kufa."

"Pole. Nimefika mia sita na themanini. Kazi yangu ni kuonekana, na wewe umeniziba."

"Nitasogeaje na gundi hii?"

"Basi sema wewe."

Nikasema. Nikapiga kelele mpaka kifua kikauma: Ambokile, ondoa mguu! Rudisha gia! Lakini picha ile nilipigwa siku ya harusi ya binti yangu, nilikuwa natabasamu, na picha haina uso wa pili. Kila neno likatoka tabasamu.

"Asante, mke wangu," akasema Ambokile. "Ukinichekea hivyo napata nguvu." Akakanyaga mafuta zaidi.

"Mia saba na kumi," akasema mshale, bila hasira.

Mara sipo tena kwenye kioo. Nimo ndani ya bomba la moshi, na bomba hilo ni ua wa nyumba yenye msiba. Turubai limefungwa, majamvi yametandikwa. Pistoni sita wa injini wamekaa, ila hawawezi kutulia. Mmoja akiinuka mwingine anakaa. Joto la humo ni la kuchoma mahindi ukiwa umeyashika tu mkononi.

"Poleni," nikasema, maana ndivyo tulivyofunzwa. "Nani amefariki?"

"Bado," akajibu pistoni wa kwanza, akiinuka. "Atakufa kona ya tatu kutoka hapa. Tumekaa mapema kwa sababu baadaye hatutakuwepo."

Akanionyesha kwa kidevu. Mwisho wa jamvi alilala turbo, anazunguka mbio kuliko pia ya mtoto, mwekundu kama kaa. Nikamwendea, nikapiga magoti.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," nikasema. Hata msibani siwezi kukataa kitendawili.

"Nala moshi, natapika upepo."

"Wewe mwenyewe, turbo."

"Umepata. Kitendawili."

"Tega."

"Nikifa mimi, anazikwa mwingine."

Jibu nililijua. Sikutaka likae mdomoni mwangu.

"Nimeshindwa," nikasema. "Nakupa mji. Chukua Mbeya."

"Sitaki."

"Chukua Dar es Salaam, na bandari yake yote."

"Miji haitoshi, Bibi. Jibu."

Pistoni wote sita wakanigeukia, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Ambokile," nikasema.

"Umepata," akasema turbo. Hakufurahi. "Nikivunjika, oili yangu itamwagika kwenye moto huu, na moto utapanda mpaka alipokaa. Sisi humu hatuna amri. Mguu ndio unaotuletea moto. Kauone mguu."

Nikageuka kuulizia njia, kumbe nimeshafika. Nimo chini ya usukani, na mbele yangu kuna mguu mkubwa kama kanisa, umevaa soksi. Ambokile haendeshi na viatu. Anasema viatu vinamnyima habari za gari.

"Hodi," nikauambia mguu. "Naomba uinuke."

"Siwezi, Bibi. Mimi napokea amri kutoka juu, na huko juu wanatazama tabasamu lako."

"Mjukuu wangu atawaka moto."

"Nimesikia. Lete amri."

Sikuwa na fimbo. Mikono haina nguvu tangu mwaka juzi. Kinywani nimebakiza meno mawili, nayo yamekaa mbalimbali kama majirani waliogombana. Nikamwomba Mungu radhi, nikauma kidole gumba.

"Yalaa!" Sauti ikatoka juu. Mguu ukaruka. Injini ikashusha pumzi, gia ikarudi, lori likaanza kutambaa kama kobe. Kwa mbali nikamsikia mshale akisoma: mia saba, mia sita na hamsini, mia sita.

Nikarudi mbio msibani. Hakuna aliyepiga vigelegele. Pistoni mmoja alianza kukunja jamvi, mwenzake akamshika mkono. "Liache," akasema. "Kesho kuna mlima mwingine."

"Bibi," akaniita turbo, "akisimama asizime injini hapo hapo. Aniache nipumue."

Nikataka kuuliza apumue muda gani, nikaamka.

Kumeanza kupambazuka. Simu inalia.

"Shikamoo, mke wangu."

"Marahaba, mume wangu. Uko wapi?"

"Juu ya Kitonga, ndiyo nasimama. Bibi, humu garini kuna panya! Ameniuma kidole katikati ya mlima, karibu nitie lori korongoni. Soksi yangu ya kijani imetoboka matundu mawili."

"Injini umezima?"

"Nimeshika ufunguo hapa."

"Achia huo ufunguo. Iache ingurume, uhesabu polepole mpaka mia tatu. Na hiyo picha yangu ibandue."

"We bibi, umeanza lini ufundi?"

"Bandua!"

Nikasikia karatasi ikichanika. Kisha nikasikia injini tu, na mvua, na pumzi zake.

"Bibi," akasema, na sasa hakuniita mke. "Kumbe si panya. Sikujua ulikuwa umefika huku."

Akaanza kuhesabu kwa sauti. Mimi nikahesabu naye mpaka mwisho, ndipo nikaenda kusukutua. Katika jino langu la kushoto palikuwa na kitu kimenasa. Nikakivuta kwa kucha. Ulikuwa uzi wa kijani, mfupi, na ulikuwa bado wa moto.