Picha Moja ya Hooyo

Hooyo, yaani mama yetu, Samsam, hakupenda kabisa kupigwa picha kwa simu. Alisema uso ukishaingia kwenye simu huna tena mamlaka nao. Leo uko Garissa, kesho unatazamwa na wanaume wa Hulugho wanaotafuna miraa. Tukijaribu kumpiga kwa kuibia, anavuta shungi mpaka puani. Alipofariki, kitambulisho chake kilibaki kwa chifu tulipokwenda kuandikisha kifo. Picha yake pekee ikawa ile iliyokuwa ndani ya kamera ya kaka yangu Guleid, bado haijaoshwa.

Kamera hiyo ni ya kizamani, ya filamu, yenye lenzi mbili, na unaitazamia kwa juu. Guleid aliirithi kwa baba, aliyekuwa na studio sokoni. Hooyo aliiamini kwa sababu picha zake ni za karatasi na hukaa nyumbani. Asubuhi ya Idi alikubali kukaa kwenye kigoda, uso wazi, na Guleid akampiga mara moja tu.

Mara moja tu, kwa sababu ya bei. Enzi za baba filamu ilinunuliwa duka la dawa, ukirudi na chenji ya sukari. Siku hizi watoto wa matajiri, huko Nairobi na ng'ambo, wamechoshwa na simu zao wamerudia vitu vya babu zao, na bei imepanda nao. Roli moja, mpaka uinunue, uioshe na kuichapisha, ni mbuzi mzima, tena mwenye afya. Guleid akawa bahili. Roli ilikuwa imebakiza picha nne, akaapa haendi kuiosha kabla haijajaa. Haba na haba hujaza kibaba, akaniambia. Nikamjibu kwamba kibaba chake kitajaa sisi tukiwa makaburini. Ulimi wangu hauna kufuli, nakubali, lakini sikudhani hooyo ndiye angetangulia.

Baada ya maziko Guleid alichoka na ile kamera. Hakuishika tena. Kijana mmoja wa Nairobi, Kang'ethe, alikuwa akimpigia simu kila wiki akitaka kuinunua, na bei aliyotaja ilitosha kununua ndama wa ngamia. Wakakubaliana: Ijumaa Guleid amalize zile picha nne na kutoa filamu, Jumamosi Kang'ethe aje achukue kamera na roli pia, akaioshe mwenyewe bila malipo. Kwetu nyumba nzima ikaanza kuhesabu siku za kumwona hooyo tena. Aliyesumbua zaidi ni abti Shuaib, kaka yake mama. Kila jioni alikuja na fimbo yake kuuliza 'bicha' ya dada yake, kama anavyoitamka, iko wapi, nasi tukimjibu tu kwamba itatoka Nairobi.

Abti ni dalali wa mifugo tangu sijazaliwa, na kwake kila bidhaa ni mbuzi. Mdomo ufunguliwe, mnunuzi aone meno. Muuzaji akificha kilema, pesa anayokula ni haramu. Hakuna mtu wa ukoo wetu anayeuza kitu bila abti kusimamia, hata awe anauza jiko la makaa.

Kang'ethe alikuja Alhamisi, siku mbili kabla ya ahadi, kwa kuwa alipata lifti ya gari linalorudi siku hiyo hiyo. Guleid alikuwa msikitini kwa Adhuhuri. Abti, ambaye magoti yake yamegoma na huswali nyumbani, alimkaribisha mgeni kwenye mkeka uani, akaagiza kamera iletwe. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai, nikamsikia akimwambia kijana kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Hii kitu hana kasoro, wallahi. Lakini wewe usiamini maneno yangu. Angalia ndani."

Nilipotoka na sinia alikuwa ameshafungua mgongo wa kamera. Filamu ya aina hiyo huviringishwa na karatasi, na abti alidhani ni karatasi ya kufungia, ya dukani, inamzuia mgeni kuona. Akaivuta yote. Kang'ethe, aliyedhani filamu ilishatolewa kwa kuwa kamera imeletwa mbele yake, alirusha mikono akiwa amechelewa. Ilikuwa imetandaa mkekani, chini ya jua letu la mchana. Aliniambia polepole kwamba iliyopigwa na jua imekwisha.

Guleid akaingia, akaona, akachuchumaa. Aliinua ule utepe kwa ncha za vidole na machozi yakimtoka. Abti, kwa desturi yetu, hakaripiwi. Mimi maneno nilikuwa nayo, makali, na nilimchukia yule mzee kwa dakika ile. Kisha nikamwona anamtazama Guleid, ananitazama mimi, na uso wake unabadilika.

"Samsam alikuwa humo?"

"Alikuwa humo, abti," nikamjibu.

Akavua shuka lake begani akaifunika filamu na kamera pamoja, akikandamiza pindo kwa mikono yote miwili. Akamgeukia Kang'ethe.

"Nikifunika sasa, itabaki kidogo? Hata macho tu?"

Kijana akatikisa kichwa. Chai ikapoa kwenye sinia. Tulimwomba abti aingie ndani, akakataa, akakaa pale mpaka Alasiri ameshikilia pindo za shuka, jua lisiingie.