Mguu wa Mfano

Mwaka 1977, pesa za mafuta zilipoiletea hospitali yetu ya Riyadh ambulensi mpya, ilipatikana nafasi moja ya mafunzo Jeddah. Akapelekwa Hamdun, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kufunga mguu kwa banzi. Aliporudi na cheti, akaambiwa atusomeshe.

"Lala, Ussi, uwe mgonjwa," akaniambia. "Leo utafaa kitu."

Wenzetu wakacheka. Akanifunga, fundo akaliweka juu kabisa ya mfupa tuliojifanya umevunjika, mahali ambapo lingemuumiza mgonjwa. Nilifurahi kimoyomoyo. Nilitaka kulinyamazia kosa hilo, limwaibishe siku nyingine barabarani. Lakini siku hiyo mguu ungekuwa wa mtu kweli.

"Fundo lisogeze pembeni," nikasema taratibu.

Akalisogeza. "Jeddah hawakutwambia hilo."

Nikabaki nimelala, nakitazama cheti kilichochomoza mfukoni mwake.