Taa ya Bafuni

Mimi ni fundi friji. Nasema mapema ili mtu asije akadhani anasomeshwa na profesa. Miaka thelathini na moja nimebadilisha kompresa, nimeziba mabomba ya gesi, nimeitwa mbio na watu ambao friji lao halikuwa na tatizo lolote ila wamelichomoa wenyewe wakifagia. Mambo ya anga yaliniingia nikiwa na miaka hamsini, umri ambao wenzangu walikuwa wanahangaika na migongo.

Nyota mtu yeyote anaziona. Mimi napiga picha mawingu ya gesi yaliyo katikati ya nyota, nebula, makubwa kuliko akili inavyoweza kubeba, lakini hafifu kiasi kwamba jicho haliyapati hata ukilitoa nje. Na nayapiga kutoka uani kwangu, pembeni mwa mji, mahali ambapo anga la usiku lina rangi ya chai ya maziwa. Upande mmoja kuna kituo cha mafuta chenye bango lisilozimwa. Upande wa pili kuna jirani ambaye mimi na mke wangu tulimpa jina la Bwana Mchana, mwenye taa nne za ulinzi zinazolinda banda la kuku lisilo na kuku. Ukimwomba azime hata moja, anakuuliza kama wewe ndiye mwizi.

Dawa yake ni uvumilivu. Unaifunga kamera kwenye darubini, unaweka mbele yake kichujio kinachopitisha wekundu wa ile gesi tu, taa za watu zinabaki nje. Unaipoza kamera, maana ikipata joto inaanza kuona vitu visivyokuwepo. Hiyo kazi niliimudu bila msaada wa mtu, kwa vipande vya friji dogo la gari. Kisha inapiga picha moja kwa dakika tano, nyingine dakika tano, usiku baada ya usiku, na kompyuta inazipandanisha mpaka kile kisichoonekana katika picha moja kinajitokeza katika mia nne. Wingu nililolitaka nilikuwa nimelipangia saa arobaini. Mimi mwenyewe nalala zangu, mtambo unajiendesha. Asubuhi nafungua kompyuta kwenye meza ya jikoni, nachambua, nzuri huku, mbovu kule. Ndege imepita, mbovu. Mtu kawasha taa ya bafuni, mbovu.

Bafu letu lina kidirisha cha juu kinachotazama uani, hatua sita kutoka kwenye darubini. Taa ile ikiwaka karibu hivyo, kichujio hakifui dafu, picha inaingia ukungu mweupe upande mmoja, kana kwamba imemwagiwa maziwa. Asubuhi moja, kabla hatujajua lolote, nilimwambia mke wangu, kwa mdomo wangu huu usio na breki, kwamba taa yake imenilia picha kumi na moja. Alicheka. Akasema kibofu chake hakijui habari za anga. Yeye ni mshonaji, na ndiye aliyeishonea darubini yangu gauni la kitambaa cheusi la kuikinga na Bwana Mchana, akalitia na mfuko, eti gauni lisilo na mfuko ni uonevu. Tulicheka, tukanywa chai, nikadhani mazungumzo yameishia pale.

Hakikuwa kibofu. Lilikuwa tumbo.

Daktari alituonyesha kwenye karatasi. Kulikuwa na uvimbe, bado mdogo, na njia zilikuwa mbili: kupasuliwa mara moja, au kujaribu dawa miezi mitatu kwanza. Mke wangu alichagua dawa kabla daktari hajamaliza kusema. Kisu anakiogopa tangu utotoni, mtu anayeshinda na mkasi mkononi. Daktari akakubali kwa sharti moja, na alipolitaja aliniangalia mimi, hakumwangalia mgonjwa.

"Maumivu yakianza kumwamsha usiku mara kwa mara, ujue dawa haifanyi kazi. Msingoje tarehe. Mlete siku hiyo hiyo."

Basi nikawa askari. Kila asubuhi, umelalaje, umeamka mara ngapi, panauma wapi. Wiki ya pili alitua kikombe mezani, akaniambia kwa utulivu kwamba akilisikia swali hilo tena atahamia kwa dada yake. Namjua, hana vitisho vya bure. Nikafyata mkia.

Nilifunga mdomo, lakini sikufunga macho. Nilikuwa na kamera. Kila picha imeandikwa saa yake, na picha iliyomwagiwa maziwa saa nane na dakika ishirini usiku ni mke wangu, ameamka saa nane na dakika ishirini. Zikifuatana tatu, amekaa mle ndani robo saa. Nikaanza kuandika nyuma ya daftari langu la kazi: jana mara tatu, juzi mara mbili. Hata usiku wa mawingu, hakuna nyota hata ya dawa, niliiacha kamera iendelee kupiga. Nyota sikuwa na haja nazo tena. Nilikuwa nahesabu usingizi wa mtu.

Mtu ataniuliza kwa nini sikukiziba kile kidirisha kwa kipande cha boksi. Ni kazi ya dakika mbili. Mke wangu mwenyewe aliniuliza, akajitolea kushona pazia. Nikamwambia bafu litakosa hewa. Nilimdanganya. Nilikitaka kile kidirisha kiwe wazi, kwa sababu ndicho kilichokuwa kinanieleza kile ambacho yeye hataki kunieleza.

Mwanzoni ilikuwa mara tatu, mara nne kwa usiku, na mara mbili nilishika simu kumpigia daktari nikairudisha mfukoni, nikajiambia nitazame wiki moja zaidi. Kisha namba zikaanza kushuka. Mara mbili. Mara moja. Mwezi wa pili wa dawa, asubuhi moja, nikapitia picha zote tisini na tisa, hakuna hata moja yenye maziwa. Nikarudia tangu mwanzo, nikidhani nimepitiwa. Kesho yake vile vile. Wiki nzima safi.

Mimi si mtu wa kuonyesha furaha. Watoto wangu watakuambia. Lakini asubuhi zile nilikuwa napiga mluzi. Nilikaanga mayai nikipiga mluzi, nikamkuta mke wangu amesimama mlangoni amejifunga kanga, ananitazama.

"Picha zimetoka?" akauliza.

"Zimetoka zote. Hata moja haijaharibika."

Akatabasamu, akaketi, akala nusu yai. Niliona ni nusu. Nikajiambia dawa zinakata hamu ya chakula, imeandikwa hivyo kwenye kijikaratasi cha pakiti.

Tulipokwenda kupimwa, daktari hakupendezwa na mizani. Muuguzi alipomchukua mke wangu chumba cha pili kumtoa damu, daktari alifunga mlango, akaniambia uzito unashuka na yeye anafikiria tusiendelee kungoja. Mgonjwa anasema analala vizuri, akasema, lakini wagonjwa husema hivyo. Wewe unaonaje?

Nikatoa daftari. Mungu anisamehe, nililitoa kwa majivuno. Nikamweleza habari ya kamera na kidirisha, nikamwonyesha tarehe na saa, jinsi zilivyoshuka mpaka pakabaki patupu. Aliyapitia yale makaratasi yenye alama za grisi, ukurasa kwa ukurasa. Akasema katika kazi yake hajawahi kuona mume aliyeleta ushahidi wa namna hii. Nilikuwa na furaha kama mtoto aliyesifiwa mbele ya darasa. Akasema basi, tumalize miezi mitatu.

Hatukuimaliza. Mke wangu alianguka kwenye cherehani mchana mmoja, mkono wa blauzi ya mteja ukiwa bado chini ya sindano. Walimpasua usiku ule ule, wakamfunga bila kutoa kitu. Daktari alinikuta kwenye benchi la korido, akaketi kando yangu, akasema uvimbe umesambaa na kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Kisha akasema, taratibu, kwamba hali kama ile haiji kwa wiki moja. Mtu huyu hajalala miezi miwili.

Nikatoa daftari tena. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka aniambie kwamba namba zangu ni za kweli. Hakulifungua. Alinirudishia kwa mikono miwili, akaondoka.

Tulimrudisha nyumbani, tukamwekea kitanda sebuleni. Binti yetu alikuja kukaa nasi, na kwa kuwa hawezi kulia mbele za watu, alisafisha. Siku ya tatu aliniita kwenye korido akiwa na ndoo na kitambaa, akaniuliza nani anashikashika ukuta. Palikuwa na mchirizi wa uchafu kwenye rangi nyeupe, usawa wa kiuno, kutoka mlango wa chumba chetu hadi mlango wa bafu, umekolea zaidi pale kwenye kona. Nilimwomba asiufute. Akaniangalia, nikamwambia tena, nadhani kwa ukali, auache.

Nikaenda sebuleni. Mke wangu alikuwa macho.

"Ulikuwa unakwenda gizani," nikasema.

Hakuuliza nazungumzia nini. "Nilishazoea," akasema. "Ni hatua kumi na nne. Ukishika ukuta hupotei."

"Kwa nini?"

Alishika ncha ya blanketi, akaupapasa mshono wake.

"Kisu nilikiogopa, hilo sikufichi. Ila si hilo tu. Picha zikitoka safi ulikuwa unapiga mluzi. Mzee mzima na mvi zako, mwiko mkononi, unapiga mluzi. Nyumba nzima ilikuwa imejaa ugonjwa wangu. Nikasema, jamani, angalau kimoja kimwendee vizuri. Nikaacha kuwasha taa."

Miluzi yote ile ilikuwa ya usingizi wake. Nilikuwa nashangilia kwamba amelala, na yeye, ameinama gizani na meno ameyauma, alikuwa ananipa kitu cha kushangilia. Laiti angewasha taa mara moja tu. Laiti ningemwambia kwa nini nahesabu. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni na nilikuwa na hasira, na yeye, na mimi, na daktari, na yule mpumbavu aliyekaa akisoma picha huku mkewe anakufa chumba cha pili.

"Ulifurahi, siyo?" akauliza. Alikuwa ananichungulia usoni. "Kwa zile picha."

Pale ndipo ningeweza kumwambia.

"Nilifurahi sana," nikasema. "Tangu nianze sijapata picha safi kama zile."

"Nionyeshe."

Nilileta kompyuta, nikaiweka juu ya blanketi. Nilikuwa sijawahi kuzipandanisha zile picha, sikuwa na hamu nazo, ikabidi tungoje pamoja huku mashine ikichakata. Wingu likajitokeza polepole, jekundu, limekunjamana pembeni. Alilitazama kwa jicho la mshonaji. Akasema kitambaa hicho kingemsumbua mtu kukikata. Akaniuliza ni picha zipi zilizotoka kwenye usiku wake wa giza, nikamwambia ni karibu zote, na hilo lilikuwa kweli. Akanishika mkono. Binti yetu akaja na sindano ya maumivu ya saa kumi, akamchoma, na baada ya muda mkono ule ukalegea ndani ya wangu, akalala.